Gobore kwa Pesa ya Mwanafunzi: Somo la Kuchagua Bunduki ya Kuwindia Kulungu



Siku nilipomwambia mama kwa simu kwamba nimenunua gobore, alinyamaza mpaka nikadhani salio limeisha. Halafu akauliza, "Mwanangu, tulikuaga uende kusoma uhandisi au kuwa jangili?" Sikumlaumu. Kwetu Sikonge, mkoani Tabora, gobore ni kitu anachotengeneza mhunzi kwa bomba la maji, kinafichwa darini, na mwisho wake kinaonekana kwenye taarifa ya habari kimelazwa chini mbele ya kamanda wa polisi. Ilinichukua nusu saa kumweleza kwamba hapa Ohio gobore linauzwa dukani, rafu ya jirani na mahema na ndoano za samaki, na kwamba serikali yenyewe inatangaza msimu wake wa kuwinda.

Tangu hapo wenzetu kadhaa wa chama wameniuliza habari hii, wengine kwa utani, wengine kwa dhati kwa sababu wamechoka na kuku wa madukani. Mhariri akasema niandike. Nimekubali kwa sababu moja: nilikaribia kufanya kosa ambalo lingeweza kunirudisha nyumbani bila shahada, na kosa lenyewe lilitokana na kutafuta bunduki ya bei rahisi. Kwa hiyo nitaanza na sheria, kisha bei, kisha ufundi. Tafadhali msiruke sheria.

Kwanza, kwa nini gobore na si bunduki nyingine? Huku kuna kulungu wengi, hawa wenye mkia mweupe kwa chini. Si swala, ingawa sisi tumezoea kuwaita hivyo. Pembe za dume zina matawi na huanguka kila mwaka, kisha huota upya. Ohio ina msimu mrefu wa upinde, msimu wa bunduki wa kama wiki moja baada ya Siku ya Shukrani, na siku 4 za magobore mwanzoni mwa Januari. Kwa miaka mingi jimbo hili halikuruhusu raifo za kawaida kwa kulungu. Ilikuwa shotgani au gobore, mpaka mwaka 2014 ziliporuhusiwa raifo zenye risasi za ganda lililonyooka. Ndiyo maana watu wa hapa wanayajua magobore vizuri na yapo ya kila bei. Tena gobore linakubalika katika msimu wa bunduki vilevile, hivyo silaha moja inakupa misimu miwili. Kulungu jike mmoja, ukishatoa mifupa, anakupa kilo 15 hadi 20 za nyama. Kwa mtu anayeishi kwa stipendi, hiyo ni hesabu ya maana.

Sasa kosa lenyewe. Septemba 2022 nilikuwa nimejiandikisha darasa la usalama wa wawindaji, ambalo ni lazima kabla ya kukata leseni kwa mara ya kwanza. Wiki hiyohiyo bwana mmoja aliyekuwa anahama alikuwa anauza vitu vyake: jenereta, viti, na gobore la kaliba .50 lenye darubini juu. Bei dola 180. Jipya la aina ile lingenigharimu mara tatu. Nililishika, likanikaa begani kama nguo ya kushonewa. Akanionyesha na sifa yake kubwa: ukichomoa pini moja, unatoa mtutu wa gobore, unachomeka mtutu wa raifo ya kawaida au wa shotgani kwenye fremu ileile. "Na usijali," akasema, "gobore halihitaji karatasi." Nikamwahidi kumletea pesa Jumapili.

Jumamosi nikiwa darasani nikamsimulia mwalimu wetu, mzee mstaafu. Aliniuliza maswali mawili tu. Una green card? Nikasema hapana, nina viza ya mwanafunzi. Leseni ya kuwinda umeshakata? Nikasema bado, si ndiyo maana niko hapa. Mzee akavua miwani akasema, "Basi kesho usiende."

Mambo yako hivi. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 ya udhibiti wa bunduki ina orodha ya watu wasioruhusiwa kumiliki, na hata kushika tu, bunduki au risasi. Mwaka 1998 Bunge la Marekani liliwaongeza katika orodha hiyo watu walioingia kwa viza za muda. Hao ni sisi: wanafunzi, watafiti wageni, wafanyakazi wa mkataba. Kuna misamaha michache, na unaotuhusu ni huu: ukiwa na leseni ya kuwinda iliyotolewa kihalali ndani ya Marekani, na haijaisha muda, umesamehewa. Leseni ikiisha, msamaha umeisha nayo. Adhabu ya kuvunja kifungu hicho ilikuwa mpaka miaka 10 jela, na tangu mwaka 2022 imepandishwa kufika miaka 15, mbali na kwamba kosa la bunduki ni sababu ya kukufukuza nchini.

"Lakini gobore si bunduki kisheria," utasema. Ni kweli, ila nusu. Marekebisho yaleyale ya 1998 yaliyaweka magobore ya kisasa katika kundi la silaha za kale, ambazo sheria ya shirikisho haizihesabu kuwa bunduki, kwa masharti. Liwe limetengenezwa kwa ajili ya baruti nyeusi au mbadala wake. Lisiweze kutumia risasi za ganda. Na hapa ndipo pangeniponza: lisiwe limejengwa juu ya fremu ya bunduki ya kawaida, wala lisiwe la kugeuzwa kirahisi kuwa bunduki ya kawaida kwa kubadilisha mtutu au sehemu ya nyuma. Ile sifa kubwa ya gobore la dola 180, pini moja na mitutu mitatu, ndiyo iliyolifanya kuwa bunduki kamili machoni pa sheria. Mimi bila leseni mfukoni ningekuwa nimelipa dola 180 kununua kesi.

Mkidhani natisha watu, someni habari za Hamid Rehaif. Alikuja Florida kutoka Falme za Kiarabu kwa viza ya mwanafunzi, akafukuzwa chuo kwa sababu ya alama, hadhi yake ya uhamiaji ikakoma. Baadaye akaenda uwanja wa shabaha akapiga risasi. Hakumdhuru mtu. Akashtakiwa, akahukumiwa miezi 18. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 2019 majaji 7 kwa 2 walisema ni lazima serikali ithibitishe kwamba mtu alijua hadhi yake. Jina lake sasa linafundishwa vyuo vya sheria. Mimi sitaki jina langu lifundishwe hivyo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza wa ununuzi hauhusu chuma: kata leseni kabla ya kununua chochote, hata kama unanunua gobore lenye sifa zote za silaha ya kale. Sababu moja ni fataki. Sheria inahesabu fataki zilizotengenezwa kwa bunduki za kawaida kuwa ni risasi, na magobore mengi ya leo yanatumia fataki namba 209 ambayo asili yake ni ya shotgani. Leseni mfukoni inakufungia mlango huo wote. La pili, majimbo yana sheria zake, na baadhi, New Jersey mojawapo, ni makali kuliko shirikisho. La tatu, mabweni na nyumba za chuo karibu zote hazitaki silaha yoyote, iwe ya kale au mpya. Langu linalala kwa baba mmoja kutoka Bukavu, mwenye nyumba yake na kabati la chuma, ambaye alinicheka sana kwa kuandika risiti. Mimi ni mhandisi, si mwanasheria; ukiwa na shaka, muulize mwanasheria kabla ya kuuliza muuza duka.

Tukishaelewana hapo, twende kwenye chuma.

Magobore yanatofautiana kwanza kwa namna moto unavyofika kwenye baruti. La kwanza ni la gumegume: jiwe linagonga chuma, cheche zinawasha baruti kidogo kwenye kisahani, nao moto unapenya tundu. Pennsylvania ina msimu baada ya Krismasi ambao ni wa gumegume tu, na wenyewe wanaona fahari. Ni zuri kulitazama, lakini kwa anayeanza na mwenye pesa ya kununua moja tu, mvua ikinyesha utajuta. La pili ni la nyundo ya pembeni na fataki ndogo inayokaa kwenye chuchu. La tatu ni inlaini, ambalo fataki inakaa nyuma ya baruti, kwenye mstari mmoja na mtutu, imefunikwa. Wazo si jipya, lakini aliyelifanya lipendwe na wawindaji ni Tony Knight wa Missouri, aliyetoa bunduki yake MK-85 mwaka 1985. Leo ukisema gobore la kulungu dukani, watakuonyesha inlaini.

Kama uko nje ya Ohio, soma kanuni za jimbo lako kabla ya kuchagua. Colorado kwa miaka mingi katika msimu wa magobore wamekataa darubini, vidonge vya baruti na vikombe vya plastiki vya risasi, vyote vitatu. Mtu akikuuzia seti ya jumla yenye vitu hivyo, umenunua mzigo. Ohio inataka kaliba .38 au zaidi na haikatazi darubini, hivyo sisi tuna nafasi. Chukua .50. Si kwamba ina uchawi, ila risasi, vikombe, brashi, kila kitu dukani ni cha .50, na kitu kinachopatikana kila mahali kina bei ya ushindani.

Katika inlaini mpya za bei ya chini nililinganisha mbili kwa makini: CVA Wolf na Traditions Buckstalker. Zote zinavunjika katikati kama shotgani ya mtutu mmoja, mitutu ya inchi 24, kizibo cha nyuma kinafunguka kwa mkono bila spana. Mwaka 2023 nilipokuwa natembea madukani zilikuwa kati ya dola 230 na 300 kutegemea rangi na kama zina darubini. Ukipanda ngazi moja unakutana na CVA Optima, mtutu wa inchi 26 wa chuma cha pua, dola mia moja na zaidi juu yake. Ukipanda tena ni Accura, na hapo umeshavuka kodi ya chumba.

Swali la kihandisi ni hili: hiyo dola mia ya ziada inanunua nini? Inanunua chuma kisichoshika kutu haraka, triga laini zaidi, na inchi mbili za mtutu. Hainunui kulungu. Kwa yadi 100, ambayo ni mbali kuliko risasi nyingi zinazopigwa katika misitu ya huku, zote zitapiga ndani ya duara la kikombe cha chai kama mpigaji ametulia. Asiyetulia ni sisi. Mimi nilinunua Wolf kwa dola 260, na tofauti ya bei nikaipeleka kwenye baruti na risasi za mazoezi. Jambo moja tu lingenishawishi kuongeza pesa: kama unajijua mvivu wa kusafisha, nunua chuma cha pua, kwa sababu utalipa sasa au utalipa baadaye.

Soma maandishi kwenye mtutu. Utaona 1:28 au kitu kama hicho. Maana yake mifereji iliyochongwa ndani inaizungusha risasi zamu moja katika kila inchi 28. Risasi ni kama pia: isipozunguka ya kutosha inayumba na kuanguka, na kadiri ilivyo ndefu ndivyo inavyohitaji mzunguko wa haraka. Risasi ya kisasa ni ndefu, inavaa kikombe cha plastiki kiitwacho saboti, na 1:28 ndiyo yake. Kwa mwendo wa mita 500 kwa sekunde inatoka mdomoni ikizunguka zamu 700 kwa sekunde, hebu fikiria. Goroli la risasi lililofungwa kitambaa, la kizamani, linataka mzunguko wa taratibu, 1:60 hivi. 1:48 ni ya katikati, yaani inavumilia vyote viwili bila kuvipenda. Nimemwona mwenzetu mmoja amenunua gobore zuri la nyundo ya pembeni lenye 1:66, akahangaika mchana kutwa na saboti, akalaani bunduki. Bunduki haikuwa na kosa. (Kiswahili chetu hapa kinachekesha: goroli la risasi ni risasi ya risasi.)

Kwenye makasha mengi utasoma kwamba bunduki inamudu greni 150 za baruti, vidonge vitatu vya greni 50. Msinunue bunduki kwa sababu ya namba hiyo. Vidonge viwili, greni 100, zinaisukuma risasi ya greni 250 kwa karibu mita 500 kwa sekunde. Fanya hesabu ya nusu ya uzito mara mwendo kipeo cha pili: unapata jouli 2,000 mdomoni, na hata baada ya kupoteza nyingi njiani, kwa yadi 100 bado zinatosha kulungu na chenji inabaki. Kidonge cha tatu kinapunguza kushuka kwa risasi kwa inchi chache huko mbali, lakini kinakuletea teke la punda begani, maana Wolf ina pauni 6 na robo tu, na wepesi tunaoufurahia tukitembea ndio unaotuadhibu tukipiga. Anayeogopa teke anafumba macho. Na gharama ya baruti kwa kila risasi ya mazoezi inapanda kwa nusu.

Kuhusu baruti yenyewe, vidonge ni rahisi kutumia, baruti ya unga ni nafuu na unaweza kuipima upendavyo kwa kikombe cha kipimo. Pyrodex ni ya bei nzuri, inanuka kiberiti, inaacha uchafu unaokula chuma. Triple Seven haina kiberiti, inasafishika kwa maji, ila huacha pete ngumu ya masizi karibu na sehemu ya moto, hivyo pitisha kitambaa kila baada ya kupiga. Blackhorn 209 ni safi kuliko zote na bei yake inalijua hilo. Mimi nilichukua Triple Seven ya unga. Na hapa naandika kwa wino mzito: usitie kamwe baruti isiyo na moshi, ya risasi za kawaida, ndani ya gobore lililotengenezwa kwa baruti nyeusi na mbadala wake. Msukumo wake unapanda kwa namna ambayo mtutu huo haukuundwa kuubeba. Utapasuka, na uso wako uko sentimita chache tu nyuma yake.

Bajeti yangu ilikwenda hivi: bunduki 260, baruti chupa moja 45, risasi na saboti pakiti tatu za aina tofauti 60, fataki 10, vifaa vya kusafishia 25, fulana ya rangi ya chungwa ambayo sheria inaitaka 12. Bila leseni na kibali cha kulungu, dola 412. Darubini sikununua. Vituo vya kulengea vilivyokuja na bunduki vina nyuzi zinazong'aa, na kwa yadi 75 vinatosha kabisa. Kama una dola 80 za kuchezea, peleka kwenye viatu. Januari ya Ohio si Januari ya Tabora.

Je, la mkononi? Linaweza kuwa dili, kama si la fremu ya kubadilisha mitutu na kama umelikagua. Kabla ya yote hakikisha halina kitu ndani. Ingiza mdeki mpaka uguse mwisho, weka alama kwa kidole, utoe uulaze nje sambamba na mtutu. Ncha ikiishia mapema kabla ya kizibo, kuna baruti ndani, na pengine imekaa tangu msimu wa mwaka juzi. Watu hulitundika gobore ukutani likiwa limeshindiliwa, wallahi nimeona kwa macho yangu. Halafu mwombe mwenyewe afungue kizibo, na kama hakifunguki ondoka. Mulika tochi toka nyuma: mifereji iwe na ncha na ing'ae. Ukiona vishimo kama ndui karibu na kizibo, huo ni uvivu wa mtu mwingine na huwezi kuusafisha. Kwa CVA za inlaini za zamani angalia namba: zile ambazo tarakimu mbili za mwisho ni 95 au 96 zilirudishwa kwa tangazo la mwaka 1997 kwa sababu ya mitutu. Hizo usipige kabisa, hata ukipewa bure.

Ukishalipata, somo la kushindilia ni fupi lakini halina msamaha. Baruti, kisha risasi, kisha mdeki mpaka risasi ikalie baruti barabara. Nafasi ya hewa katikati yake ni hatari, risasi iliyoning'inia inakuwa kama kizuizi kilichokwama kwenye bomba. Ukiwa na mzigo sahihi ndani, chora alama kwenye mdeki usawa wa mdomo wa mtutu. Kuanzia hapo alama ndiyo shahidi wako: ikibaki juu, risasi haijafika au umeshindilia mara mbili. Fataki inawekwa mwisho kabisa, ukiwa umeshakaa mahali pako, na inatolewa kabla ya kupanda mti au kuingia kwenye gari. Ukivuta triga na isilipuke, endelea kuelekeza mtutu kwenye shabaha, hesabu dakika nzima au zaidi. Moto mwingine hutembea polepole.

Uwanjani jaribu zile pakiti tatu, risasi tatu tatu kwa kila aina, kutoka kwenye meza yenye mto wa mchanga. Utashangaa. Langu lilizitawanya risasi za bei ghali kuliko zote inchi 6, na za bei ya kati likazifunga ndani ya inchi 2 na nusu kwa yadi 75. Sijui lilizichukia kwa nini. Nilijaribu kutengeneza modeli ya kompyuta nikaacha, tasnifu inanitosha.

Kusafisha nimekuachia mwisho kwa sababu ndiko kulikonigharimu. Maji ya moto yenye sabuni usiku uleule, brashi, vitambaa mpaka kitoke cheupe, kausha, paka mafuta kidogo. Msimu wangu wa kwanza, Januari 2024, nilipaka mengi kama naikaanga. Asubuhi ya pili, baridi nyuzi 9 chini ya sifuri, kulungu jike alisimama yadi 50 mbele yangu katika msitu wa Wayne. Nikavuta triga. Fataki ikalia "tap", kisha kimya. Mafuta yalikuwa yameshuka usiku kucha mpaka kwenye kizibo yakalowesha baruti. Kulungu alinitazama, akapiga mguu chini, akaenda zake bila haraka. Tangu siku hiyo, kabla ya kushindilia napitisha kitambaa kikavu, kisha napiga fataki moja tupu kukausha njia ya moto.

Januari 2025 jike mwingine alikuja yadi 60, na safari hii moshi mweupe ulijaa mbele yangu nisione kitu kwa sekunde kadhaa. Alikuwa ameanguka hatua 30 kutoka pale aliposimama. Wenzetu Waislamu wameniuliza kuhusu uhalali wa nyama ya kupigwa. Hilo mwulizeni shehe, na muulize kabla ya msimu, si baada. Taarifa ya kulungu nilituma kwa simu kama kanuni inavyotaka, na saa nne usiku, mikono ikinuka, nikawa nachemsha maji ya kusafishia mtutu huku yule baba wa Bukavu akikata nyama na kuimba.

Atakayependa kuliona na kulishika gobore lenyewe, anitafute baada ya mkutano wa chama, tupange Jumamosi moja twende uwanja wa shabaha. Baruti nitatoa mimi. Aje na leseni yake.